Tuache kuuliza nani bora, tuulize nani anamfaa nani

Mhariri,

Tangu ulipofungua mjadala wa kikosi bora cha dunia kwa miaka ishirini iliyopita, nimekuwa nikikata barua za wasomaji wako na kuzihifadhi. Jumapili nilizitandaza mezani nikazisoma zote kwa mkupuo. Zilikuwa kumi na saba. Kumi na tano zinakwenda njia moja: mwandishi anataja majina kumi na moja, anaambatisha mabao na vikombe vya kila mmoja, kisha anamrushia maneno makali aliyeandika wiki iliyotangulia. Hakuna hata moja kati ya hizo kumi na tano inayosema mchezaji huyo atampa nani pasi, au nani atabaki nyuma yeye akipanda. Naomba nafasi nieleze kwa nini jambo hilo linaniuma.

Nilicheza namba sita kwa miaka 11 katika soka ya ridhaa. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya mabeki wawili wa kati, kuziba njia ya pasi za adui, na nikiupata mpira nimpe namba nane wangu kabla sijabanwa. Namba nane huyo alikuwa mzito wa miguu, lakini alikuwa na tabia moja ambayo sijaisahau: kabla mpira haujamfikia, alikuwa ameshageuza shingo mara mbili kutazama nyuma yake. Nikipanda mimi, yeye anabaki. Akipanda yeye, mimi nabaki. Hatukuwahi kukaa chini kupanga hivyo, tulizoeana tu.

Msimu mmoja akaja fundi. Alikuwa na chenga, shuti la mbali na pasi za kupenyeza, na mashabiki walimpenda siku ya kwanza. Kocha akampa nafasi ya namba nane. Katika mechi sita za kwanza tulipoteza nne, na karibu mabao yote yalipita katikati, mahali ambapo mimi nilikuwa nikikimbia kuziba matundu mawili kwa wakati mmoja. Mechi ya saba kocha akamrudisha yule mzito, fundi akapelekwa winga ya kushoto, ambako nyuma yake kulikuwa na beki asiyependa kupanda. Kocha alizomewa na mashabiki wetu wenyewe. Tukaacha kufungwa ovyo, na fundi akaanza kufunga. Alikuwa mchezaji bora kuliko sisi sote uwanjani, na bado alikuwa akitubomoa alipowekwa pasipo pake. Nililijua hilo kwa mapafu yangu kabla sijalisikia kwa mchambuzi yeyote.

Sasa rudi kwenye zile barua. Msomaji mmoja ameweka Steven Gerrard na Frank Lampard katikati ya uwanja na kuandika kwamba hahitaji kueleza zaidi. Mimi naona hao ndio wanaohitaji maelezo kuliko wote. Mwaka 2005 Ronaldinho alitwaa Ballon d'Or, Lampard akawa wa pili na Gerrard wa tatu. Yaani Uingereza ilikuwa na viungo wawili kati ya watatu wa kwanza katika tuzo hiyo ya mchezaji bora mwaka huo. Timu hiyo iliondolewa na Ureno kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali ya Euro 2004, ikaondolewa na Ureno hiyohiyo, kwa penalti tena, katika robo fainali ya Kombe la Dunia 2006, na Novemba 2007 ikafungwa 3-2 na Croatia pale Wembley na kukosa kabisa Euro 2008. Wote wawili walikuwa watu wa kuingia kwenye boksi wakichelewa, bila kuonekana. Katika klabu zao kulikuwa na mtu wa kuwalinda: Lampard alikuwa na Claude Makélélé nyuma yake. Timu ya taifa ikawaweka pamoja, kila mmoja akijiuliza nani abaki. Na ili wote waenee, Paul Scholes alisukumwa kushoto kwenye Euro 2004, naye baada ya mashindano akaachana na timu ya taifa akiwa bado na miaka mingi ya kucheza. Hadi leo naliona hilo kama hasara kubwa kuliko penalti zote walizokosa.

Kaka yangu mkubwa, ambaye tumebishana naye tangu mwaka huo wa 2004, huniambia kwamba mchezaji mkubwa hujitafutia nafasi popote. Hoja yake ya mwisho huwa ni Diego Maradona. "Mwaka 1986 alichukua kombe peke yake," ndivyo asemavyo kila mara, na kwa kweli mabao matano na pasi tano za mabao katika mashindano yale ni mzigo ambao sijaona mtu mwingine akiubeba. Lakini itazame fainali yenyewe. Argentina iliifunga Ujerumani Magharibi 3-2, na mabao yakafungwa na Brown, Valdano na Burruchaga. Maradona hakufunga. La ushindi, dakika chache kabla ya mwisho, lilitokana na pasi yake akiwa amezungukwa na Wajerumani. Kocha Carlos Bilardo alikuwa amejenga ukuta wa mabeki watatu na viungo wa kukimbia, kusudi mtu mmoja awe huru. Uhuru ule ulilipiwa na wengine kwa jasho. Kaka, nakuheshimu, lakini neno "peke yake" linawafuta watu kumi.

Na hapo ndipo linapokuja suala la Lionel Messi, ambalo limejaza nusu ya barua zako.

Wengine wetu tunakumbuka miaka ile vizuri mno. Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Argentina ikafungwa 1-0 na Ujerumani katika muda wa nyongeza. Fainali ya Copa América 2015, sare tasa na Chile, kisha ikapoteza kwa penalti. Fainali ya Copa América 2016, Chile tena, sare tasa tena, penalti tena, na safari hii Messi mwenyewe akapaisha mkwaju wake. Akatangaza kustaafu timu ya taifa akiwa na miaka 29, ingawa baadaye alirudi. Kaka yangu alinipigia simu usiku ule kuniambia kwamba jambo limekwisha, Messi ni mchezaji wa klabu, jezi ya taifa inamzidi uzito. Mamilioni ya watu walisema hivyohivyo.

Sikuwa na jibu siku ile. Nililipata baadaye, nilipokaa kuhesabu. Fainali zile tatu zote zilifika muda wa nyongeza, kwa hiyo ni dakika 360. Katika dakika zote hizo Argentina nzima haikufunga bao hata moja. Haikuwa Messi tu. Kulikuwa na washambuliaji waliokuwa wakifunga kila wiki barani Ulaya, na mbele ya goli mguu ukawa mzito. Ukitazama upya mechi zile unaona tatizo liko mbali na lango: mpira unamfikia Messi akiwa amesimama, mgongo wake kwa goli, na mtu wa karibu wa kumpa yuko mita ishirini. Anageuka, anakuta watatu.

Kisha mwaka 2018, baada ya Kombe la Dunia la Urusi, timu akakabidhiwa Lionel Scaloni, mtu ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa klabu yoyote ya wakubwa. Kaka yangu alisema Argentina imejidhalilisha. Lakini tazama Scaloni alifanya nini. Hakutafuta nyota wa pili wa kugawana mzigo na Messi. Alitafuta watu wa kukimbia kwa niaba yake na kumpa mpira akiwa anatazama mbele. Rodrigo De Paul akawa kama kivuli chake upande wa kulia. Julai 2021, kwenye fainali ya Copa América pale Maracanã, ni De Paul huyo aliyepiga pasi ndefu kutoka nyuma, Ángel Di María akaudokoa mpira juu ya kipa, Brazil ikalala 1-0. Messi alikuwa na miaka 34, mbio zimepungua kuliko alizokuwa nazo 2014. Kilichobadilika ni majirani zake.

Na bado mwaka 2022 mambo nusura yaharibike. Mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia kule Qatar, Novemba 22, Argentina iliingia ikiwa haijafungwa katika mechi 36. Messi akafunga penalti mapema, kisha kabla ya mapumziko Argentina ikatikisa nyavu mara tatu na mara zote tatu bao likakataliwa kwa kuotea, kwa sababu Saudi Arabia ya kocha Hervé Renard ilikuwa imepandisha mstari wa mabeki karibu na katikati ya uwanja. Kipindi cha pili, Saleh Al-Shehri na Salem Al-Dawsari wakafunga ndani ya dakika tano. 2-1. Nilikaa kimya sana baada ya mechi ile.

Wasomaji wengi wanaikumbuka mechi hiyo kwa aibu ya Argentina. Mimi naikumbuka kwa alichofanya Scaloni baadaye, maana sijaona kocha wa taifa akifanya vizuri zaidi ndani ya siku chache. Dhidi ya Mexico alibadilisha watano. Enzo Fernández aliingia akitokea benchi akafunga la pili. Mechi ya Poland walianza Fernández, Alexis Mac Allister na Julián Álvarez, vijana ambao kwenye orodha za mashabiki kabla ya mashindano hawakuwa na chao. Mac Allister akafunga, Álvarez akafunga. Kuanzia hapo kila adui alipewa sura tofauti: Uholanzi walikutana na mabeki watatu wa kati, Croatia wakakutana na viungo wanne, na Ufaransa, kwenye fainali, wakamkuta Di María ametegwa kushoto ambako hawakumtarajia. Aliangushwa ikawa penalti ya bao la kwanza, akafunga mwenyewe la pili baada ya Mac Allister kukimbia na kumtengea. Kocha wao, Didier Deschamps, alilazimika kutoa wachezaji wawili wa mbele kabla hata ya mapumziko. Mechi iliishia 3-3 na penalti 4-2 kwa sababu Kylian Mbappé ni Mbappé, alifunga matatu, na hilo sitalipunguza. Lakini dakika 80 za mwanzo zilishindwa na mpangilio.

Mmoja wa waliotolewa mapema siku ile alikuwa Olivier Giroud, na yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Msomaji wako mmoja ameandika kwamba Giroud ni "aibu ya Kombe la Dunia" kwa kuwa mwaka 2018 alikuwa mshambuliaji wa kati wa mabingwa na hakufunga hata bao moja. Ni kweli hakufunga. Kwa takwimu za mashindano hakuwa hata na shuti lililolenga goli. Namba hiyo imesambaa sana, na kila anayeitaja huitaja kwa kicheko.

Ndugu msomaji mwenzangu, nakuomba utafute mechi zile uzitazame tena kwa namna niliyofanya mimi. Usifuate mpira. Mfuate yeye. Mechi ya kwanza dhidi ya Australia, Ufaransa ilianza na Griezmann, Mbappé na Dembélé, watatu wenye kasi, watatu wanaotaka mpira miguuni, na mbele hapakuwa na mtu wa kushika beki. Timu ilikwama. Giroud akaingia kipindi cha pili. Shambulio la bao la ushindi ni Paul Pogba kumpa Giroud na Giroud kumrudishia njiani. Mechi ya pili na Peru alianza yeye. Shuti lake likamgonga beki, likapaa juu ya kipa, Mbappé akamalizia mstarini. Ile ya 4-3 na Argentina, bao la pili la Mbappé lilitoka kwa pasi ya Giroud. Na kati ya matukio hayo kuna mamia ya mara ambapo haugusi mpira kabisa: anamwegemea beki wa kati, anamvuta hatua tatu pembeni, anapigana naye hewani ili Griezmann aokote mpira unaodondoka. Nimewahi kucheza na mshambuliaji wa namna ile. Baada ya mechi mgongo wake ulikuwa na alama za viwiko, na watu walimuuliza kwa nini hafungi.

Ufaransa ilishajua jambo hilo zamani. Stéphane Guivarc'h alianza fainali ya 1998 kama mshambuliaji wa kati, na alimaliza mashindano bila bao. Nchi hiyo imechukua Kombe la Dunia mara mbili, na mara zote mbili namba tisa wake hakufunga. Na Giroud huyohuyo anayeitwa aibu, Desemba 2022 aliifunga Poland bao lake la 52 kwa taifa na kumpita Thierry Henry, kisha akamaliza na mabao 57, mengi kuliko Mfaransa mwingine wakati huo. Mwaka ule alikuwa na majirani wanaomletea krosi, akafunga. Mwaka 2018 aliombwa kazi nyingine, akaifanya bila kinyongo. Nafikiri kuna ukubwa wa mtu katika hilo.

Kuna jambo jingine tunalolisahau tunapobishana, nalo ni muda. Kocha wa klabu anakaa na wachezaji kila siku, na akikosa beki wa kushoto anamnunua. Kocha wa taifa anawapata siku chache kila baada ya miezi kadhaa, wengine wamechoka, wengine wametoka kugombana wiki iliyopita wakiwa na jezi za klabu. Ndiyo maana wanaofanikiwa ama wanaazima mazoea yaliyokwishajengwa mahali pengine, ama wanachagua wazo moja rahisi na kulishika. Hispania ya 2010 ni ya aina ya kwanza. Walioanza fainali na Uholanzi, sita walitoka Barcelona, na David Villa alikuwa ameshasajiliwa huko. Watatu walitoka Real Madrid. Joan Capdevila tu ndiye hakuwa wa klabu hizo mbili. Xavi na Iniesta hawakuhitaji kufundishwa mahali pa Busquets. Hata hivyo walipoteza mechi ya kwanza 1-0 mbele ya Uswisi, na katika mechi saba walifunga mabao 8 tu. Watu hupamba sana kumbukumbu ya timu ile. Nguvu yake kubwa, kwa macho yangu, ilikuwa kwamba mechi zake nne za mtoano zote ziliisha 1-0: adui hakuupata mpira wa kumdhuru.

Morocco ya 2022 ni ya aina ya pili, na ndiyo timu ninayoipenda kuliko zote katika miaka hii. Walid Regragui alipewa kazi mwishoni mwa Agosti, mashindano yakianza Novemba. Chini ya miezi mitatu. Alimrudisha Hakim Ziyech kikosini na kumfanya akimbie kurudi nyuma kama wengine. Alimweka Sofyan Amrabat mbele ya mabeki, nafasi niliyocheza mimi, na nilimtazama kijana yule akifunika njia za pasi mechi baada ya mechi hadi nikatamani kusimama nimpigie saluti. Hispania ilipiga zaidi ya pasi elfu moja dhidi yao katika dakika 120 na haikufunga, kisha ikakosa penalti zote tatu. Ureno ikalala 1-0. Hadi Morocco inaingia nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, bao pekee lililokuwa limeingia langoni mwake lilikuwa la kujifunga, dhidi ya Canada. Katika barua zako kumi na saba, jina la Amrabat halimo.

Basi ombi langu kwako, Mhariri, ni mambo mawili. Gazeti lako huchapisha alama kati ya kumi kwa kila mchezaji asubuhi baada ya mechi za kimataifa. Mfungaji hupewa nane hata kama aligusa mpira mara kumi, na namba sita hupewa sita tu kila wiki, kana kwamba namba ya jezi ndiyo alama yake. Ongezeni sentensi moja tu kwa kila mchezaji inayosema aliombwa kufanya nini siku hiyo. Mwandishi akishindwa kuiandika sentensi hiyo, asiweke alama.

La pili, mjadala huu wa kikosi bora usifungwe. Ubadilishwe sharti: kila atakayeandika ataje wachezaji watatu tu wanaocheza jirani, aeleze mmoja akiacha nafasi yake nani anaijaza. Mimi naanza. Busquets, Xavi na Iniesta. Xavi akisogea kulia kuomba mpira, Iniesta anabaki ndani, na Busquets anasimama pale ambapo adui angependa kupiga pasi ya kwanza ya kushtukiza. Kaka yangu ameshaniambia ataleta watatu wake, na mmoja ni Lampard. Nimemwambia atamweka na Makélélé, naye amekubali. Wa tatu bado tunavutana.

Ni mimi msomaji wako,
Namba sita wa zamani